Kilemba Kilichobaki Chini

Ndugu zangu, waliotangulia kusimama hapa walianza kwa machozi, na siwalaumu. Mimi nitaanza kwa diploma. Ninayo diploma ya injini za dizeli, niliyoipata Uingereza nikisoma jioni baada ya kazi, na mwaka ule hakuna aliyenipita darasani, Mzungu wala Mhindi. Nimeitundika ukutani gerejini kwangu, karibu na soko la Kikuubo. Mwenye shaka aje Jumatatu aisome. Nawaambia haya mapema ili mjue kwamba sikuja kuomba huruma. Nimekuja kuwaeleza namna nilivyolipiza.

Mchungaji, usinitazame hivyo. Umetupa sisi tulioteswa ukumbi huu wa Mbuya bila kutuuliza dini zetu, nasi tunakushukuru, lakini ni wewe uliyesema kila mtu aseme ukweli wake. Huu ndio wangu.

Najua pia kwamba humu ndani wamo wajane na watoto wa wanajeshi wa enzi zile. Msitoke. Sitataja jina la mtu. Huyo ninayemsimulia nitamwita Kapteni, kwa sababu ndicho cheo alichokuwa nacho siku tuliyokutana.

Lakini hamtaelewa kitu mpaka mwelewe hiki kilichoko kichwani mwangu. Watu wa Kampala mnatuita Kalasinga, na mmetuona na vilemba tangu siku za reli, lakini wangapi mmewahi kuuliza? Juzi fundi wangu mmoja alipata ujasiri. Akaniambia, "Mzee, usikasirike. Chini ya hiyo kitu kuna nini? Watu wanasema mnaficha dhahabu."

Nikamjibu, "Kuna kichwa. Wewe unacho?"

Chekeni, lakini sikilizeni. Chini yake kuna nywele zisizokatwa tangu nilipozaliwa, kwa sababu sisi Masingasinga mwili tunaupokea kama tulivyopewa na Mungu. Kilemba huzitunza nywele hizo. Na si hilo tu. Wazee wetu hutufundisha kwamba zamani, kule Punjab, kilemba cha heshima kilikuwa cha wafalme na matajiri; mfinyanzi au mfagiaji akikivaa, alipigwa. Guru wetu wa kumi, yaani mwalimu mkuu wa dini yetu, akawaambia wafuasi wake wote, wa juu na wa chini, vaeni. Kila mmoja wenu ni mfalme, na mfalme hamwinamii mfalme mwenzake. Akataka pia kwamba mtu mwenye shida, hata akiwa katikati ya umati, akiinua macho aone kilemba kwa mbali na ajue kwamba pale kuna mtu wa kukimbilia. Kwa hiyo hiki ni taji, na ni ahadi pia. Ukikivaa, huna pa kujificha siku watu wanapopigwa.

Sasa nawaeleza desturi mbili, halafu nitaanza habari yenyewe.

Ya kwanza ni ya kila asubuhi. Kitambaa hiki ni kirefu, mita tano na zaidi, na hakifungwi hivi hivi. Lazima kwanza kivutwe na kukunjwa, na hapo unahitaji mtu wa pili ashike ncha nyingine. Mnasimama mbali, mnavuta, mnakunja, mnakaribiana mkikunja. Mimi nilimshikia baba yangu ncha yake tangu mikono yangu ilipoweza kufika, naye alinishikia yangu. Mama alikuwa amekwisha kufariki, tulikuwa wawili tu nyumbani. Hata siku tulipokuwa tumegombana jana yake, asubuhi ilibidi tutazamane, mmoja huku, mmoja kule.

Ya pili ni desturi ambayo mtu akiishi vizuri hufa bila kuitumia. Ni ombi la mwisho. Mtu aliyefikwa na jambo ambalo maneno hayaliwezi, huvua kilemba chake mwenyewe, akakiweka chini, miguuni pa yule mwenye nguvu. Maana yake: nimekupa heshima yangu na ya nyumba yangu yote, huna zaidi cha kunidai. Kwetu hata adui wa damu hawezi kukiacha pale. Hukiinua kwa mikono miwili, akakirudisha kichwani pa mwenyewe, na ombi limekubaliwa. Mtu akikiacha chini, amemzika mwenzake akiwa hai.

Haya. Mwaka wa sabini na mbili.

Sisi wote wenye asili ya Asia tulikuwa tumepewa na serikali miezi mitatu tuondoke nchini, na siku zilikuwa zinakwisha. Baba alikuwa na gereji ndogo, ileile ninayoiendesha mimi leo. Tulikuwa tumefunga masanduku, tunangoja treni ya Mombasa. Asubuhi moja likasimama gari la jeshi mlangoni, akashuka Kapteni na askari wake. Alikuwa kijana mrefu, buti zinang'aa, anatabasamu kama mtu aliyealikwa harusini.

"Mzee Singa," akamwambia baba, "funguo."

Baba akampa funguo za gereji. Kapteni akaonyesha gari la baba lililokuwa uani. "Na ya ile."

Nikadakia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na mdomo wangu ulikuwa haujafunzwa. "Afande, ile haiendi. Injini imefunguliwa."

"Imefunguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri ya pistoni, Afande. Zimekwisha."

Askari mmoja akacheka. Hicho ndicho kilichoniponza. Kapteni hakupenda kuchekwa mbele ya watu, na barabarani watu walikuwa wamekwisha kukusanyika: washonaji, wauzaji, majirani tuliokunywa nao chai miaka mingi. Akanipiga kofi, akasema kwa sauti, "Huyu ameharibu gari ya serikali. Tia kwa buti."

Ninyi mliokuwapo mnajua. Enzi zile mtu aliyetiwa kwenye buti ya gari hakurudi kueleza alikopelekwa. Wakanikamata mikono, wakafungua buti, nikaingizwa miguu na kiwiliwili. Kichwa changu bado kilikuwa nje, na kwa hiyo niliona yote.

Nilimwona baba yangu akitoka mlangoni. Alisema, "Afande, ni mtoto." Kapteni hakugeuka. Akasema tena, "Afande, nipeleke mimi." Kapteni akawasha sigara. Basi baba akainua mikono kichwani, pale barabarani, mchana, akaanza kukifungua kilemba chake, duara baada ya duara. Nikapiga kelele, "Baba, usifanye hivyo!" Hakunisikiliza. Nywele zake nyeupe zikashuka mpaka kiunoni. Akakikunja kile kitambaa, kilikuwa rangi ya damu ya mzee, akainama, akakiweka chini kwenye vumbi, mbele ya zile buti zinazong'aa.

Watu barabarani walisogea karibu. Hawakuijua desturi yetu, lakini walimwona mzee.

Kapteni alitazama chini. Akacheka kwa moyo wote, akampiga baba begani. "Asante, Mzee! Nilikuwa natafuta kamba ya kuvutia hiyo gari."

Na ndivyo walivyofanya. Askari walikisokota kilemba cha baba, wakafunga ncha moja kwenye gari la jeshi na nyingine kwenye gari letu, wakalivuta. Kapteni alipokuwa anapanda alinionyesha kwa kidole. "Toa huyo kijana kwa buti. Baba yake amelipia kamba."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo bei niliyonunuliwa nayo. Kipande cha kamba. Kuna watu wanaoshukuru kwamba walipona. Mimi kila nilipokumbuka kwamba nimepona, nilisaga meno.

Alikuwapo ng'ambo ya barabara mama mmoja, mke wa polisi, mtu wa Kaskazini, aliyekuwa akiuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. Askari wawili walikuwa wameachwa kulinda gereji, bunduki mkononi. Yule mama alivuka barabara mbele yao, akavua kitenge mabegani mwake, akamfunika baba kichwa. Akasema, bila kupunguza sauti, "Mzee, jifunike. Hawa hawakuzaliwa na mama." Askari walitazama kando. Baba alisafiri mpaka Mombasa na kile kitenge kichwani, chenye maua ya manjano, na hakuna aliyethubutu kumcheka kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu naye.

Uingereza tulifikia kwa baba mdogo, ndugu wa baba, tunayemwita Chacha. Baba alikuwa na vilemba vingine sandukuni, visafi, alivyokunja mwenyewe. Hakuvigusa. Alinunua kofia ya sufu na akaivaa kila siku. Watu wa hekalu letu wakamsema, wakamwambia aibu. Akawajibu mara moja tu: "Niliyempa hakuniinulia. Sina kingine cha kuvaa." Asubuhi hakutaka hata kunishikia ncha ya kilemba changu. Nilifunga ncha kwenye kitasa cha mlango, nikavuta peke yangu.

Nilitafuta kazi. Kwenye gereji ya kwanza wakasema, ondoa hicho kitambaa uvae kofia kama wenzako. Nikatoka. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu, bosi alikuwa mtu mpole, alinibembeleza, nami nilitoka vilevile. Niliporudi nyumbani nilimkuta baba amekaa dirishani na kofia yake. Akaniambia, "Vua, mwanangu. Ule."

Nawaambia, kofi la Kapteni halikuniuma kama maneno hayo. Nilimjibu, "Baba, wewe umevua. Nikivua na mimi, nani atakayeonekana?" Akageukia ukuta.

Mahali pa nne walinichukua nioshe vipuri nyuma, wateja wasinione. Nikaosha. Jioni nikasoma. Nikatoka nyuma, nikaja mbele, nikawa msimamizi, na yule aliyenificha akawa ananipigia simu nyumbani kuniuliza habari za pampu. Kwa kilemba hikihiki. Sikuinama, na mkate niliupata. Wekeni hilo akilini.

Baba alifariki majira ya baridi, amevaa kofia.

Kwetu siku ya mwisho ya matanga wazee hukusanyika, wakamfunga mtoto mkubwa kilemba mbele ya ukoo. Ndipo anakuwa kichwa cha nyumba. Chacha alikuja na kitambaa kipya, wazee wamekaa, chakula kinanukia. Nikasema, sikipokei.

Chacha akasimama. "Una wazimu? Nyumba itakaa bila kichwa?"

"Chacha, kilemba cha baba bado kiko chini, Kampala. Mtu mmoja tu ndiye wa kukiinua. Akikiinua, nitakuja, mtanifunga."

"Na akifa kabla?"

"Namwombea afya njema kila siku," nikasema, na ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwombea Kapteni uzima kama mimi.

Ukoo ulinisema miaka. Mkutano wa ndoa, sikuwa na sauti. Ugomvi wa mali, sikuulizwa. Mtu asiyefungwa kilemba cha baba yake ni mgeni nyumbani mwake. Nilikubali.

Sasa sikilizeni dunia inavyozunguka. Serikali ileile iliyotufukuza ikaanza kuona kwamba mashine hazitengenezwi kwa hotuba. Kimyakimya ikatafuta mafundi wa mkataba kutoka nje. Nikajiandikisha. Chacha aliniuliza kama nimechoka kuishi. Nikapanda ndege.

Kampala niliyoikuta haikuwa ile. Maduka ya nguo yalikuwa na rafu na vumbi. Watu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni, na sukari ilipatikana kwa magendo tu. Waliopewa mali zetu waliitwa mafuta mingi kwa kunona kwao, na mafuta yenyewe yalikuwa yamekwisha. Wizara ikanipa kazi ya malori ya kahawa, ikanipeleka kwenye gereji. Ninyi mmekwisha kujua ni gereji gani, na nani aliyekuwa amekaa ofisini kwa baba yangu, kwenye kiti cha baba yangu.

Alikuwa amenenepa. Alikuwa Meja sasa, lakini kwangu alibaki Kapteni. Hakunitambua. Kwake sisi sote tulikuwa sura moja.

"Kalasinga, wewe umefundishwa Ulaya?"

"Nimewafundisha," nikasema.

Alicheka, lakini cheko lilikuwa limekauka. Akanipeleka uani. Malori yalikuwa yamesimama safu nzima, majani yameota chini. Walikuwa wametia dizeli yenye maji, pampu zikaharibika, halafu vijana wake wakazifungua kwa nyundo. Nilitembea nikagusa moja moja. Nilijua nitayaponya. Kumbukeni hiyo diploma.

Kapteni akanisogelea, akaangalia nyuma kama kuna mtu, akanong'ona, "Ndugu yangu. Hii malori ni ya kahawa ya mkubwa. Amesema isipotoka wiki hii, mimi naingia buti."

Ndugu zangu, sijawahi kunywa chai tamu kama maneno yale. Aliniita ndugu! Nilimwacha asimame na hofu yake kidogo, niione vizuri. Halafu nikasema, "Yatatoka. Lakini kwanza utaniinulia kilemba."

"Kilemba gani?"

Nikamweleza. Gari lililofunguliwa injini. Mzee. Kamba. Nilimwona akikumbuka, uso wake ulibadilika kuanzia machoni mpaka kidevuni.

"Ile?" akasema. "Mimi nilidhani mzee ananipa kitambaa. Sikujua ni kitu ya dini yenu!"

"Hukujua kilemba. Mzee anayekulilia mtoto wake ulimjua. Hapo hakuna haja ya mkalimani."

Akatoa bastola, akaiweka shavuni kwangu. "Nitakupiga risasi hapa hapa."

"Piga, Afande. Kesho mkubwa akiuliza malori, umpelekee maiti yangu ikaze nati."

Akatazama safu ya malori. Bastola ikarudi kiunoni. Akauliza nataka nini hasa, nikamwambia. Utatafuta kitambaa wewe mwenyewe, kwa miguu yako, si kwa kumtuma askari. Utakifua. Utakiweka chini palepale alipokiweka baba, barabarani, mchana, watu wakiona. Halafu utainama ukiinue kwa mikono miwili, unikabidhi, na utanishikia ncha tukikunje.

Akapumua. "Sawa. Njoo ofisini, tufunge mlango, nitaokota hata mara mia."

"Baba yangu alifungiwa mlango?"

Akavaa kofia yake, akatoka.

Basi Kapteni akaingia Kikuubo kutafuta kitambaa. Nchi iliyofukuza wauza nguo haina nguo! Alirudi jioni na pazia la dirisha, bado lina pete zake. Nikamwambia, baba yangu hakuwa dirisha. Kesho yake akaleta chandarua. Nikakipitisha mbele ya macho, nikamwambia, mbu watashukuru. Akaenda mpaka Kasubi, kwenye makaburi ya kifalme, akaja na kitambaa cha magome ya mti, kile Waganda wanachozikia wafalme wao. Hapo nilikasirika kweli. "Hiki ni cha heshima ya watu wengine. Umekipataje?" Akatazama chini. "Rudisha kwa mikono yako, na uombe radhi." Akarudisha. Mafundi walikuwa wanajificha nyuma ya malori, wanaumwa mbavu kwa kuzuia kicheko.

Muda ulikuwa unamwishia. Malori yalisimama, sikugusa hata nati moja. Mwishowe akaja asubuhi amebeba furushi, macho mekundu. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, chepesi, kirefu, hakina mshono.

"Hiki ni kizuri," nikasema. "Umekitoa wapi?"

"Ni sanda," akasema. "Nilinunua kwa watu wa msikiti. Nilisema ni yangu."

Na kwetu kilemba cha msiba ni cheupe. Nikamwonyesha beseni na kipande changu cha sabuni. Akachuchumaa, akafua. Mwanajeshi yule ambaye mtaa mzima ulikuwa unabadilisha njia akipita, alifua mbele ya mafundi, akasuuza, akakamua.

Mchana ule nilitoka barabarani, nikasimama mbele ya gereji. Sikuita mtu. Walikuja wenyewe: washonaji waliobaki, wauza ndizi, wanawake wa foleni ya sabuni, waliacha foleni! Askari wake wakajipanga ukutani, hawajui kama wapige saluti au wakimbie. Kapteni akatoka na kile kitambaa, akakiweka chini. Akaniangalia kama kuuliza, inatosha?

"Bado, Afande. Hapo ndipo baba yangu alipofika. Sasa ni zamu yako."

Akainama. Mkanda ulimbana tumboni, ikabidi apige goti moja. Kofia yake ya jeshi ikaanguka, ikabingirika vumbini, na hakuna askari aliyeiokota. Aliingiza mikono miwili chini ya kitambaa, akakiinua, akasimama nacho, akakiweka mikononi mwangu.

Sikukifunga pale. Kichwani nilikuwa na changu, na sisi hatuvui barabarani kwa furaha. Nilimpa ncha moja. "Rudi nyuma." Akarudi. "Vuta." Akavuta kama anashika mkia wa nyoka. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Vuta vizuri! Uliweza kuvuta gari." Akavuta. Tukakunja. Hatua kwa hatua akanikaribia, kama inavyotakiwa, mpaka uso wake ukafika mbele ya wangu, na mimi nikamtazama ndani ya macho mpaka akayateremsha. Nyuma ya umati mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kimoja tu, kirefu. Askari mmoja akaanza kukohoa, na kila mtu alijua kwamba kile ni kicheko.

Halafu nikaingia uani nikatengeneza malori. Yote. Neno langu ni neno, na kazi yangu haina kisasi. Yalipotoka, mtaa ulitikisika.

Mnajiuliza kwa nini hakuniua baadaye. Kwa sababu mkubwa wake alipoona malori yanakwenda, alimwambia, huyo Kalasinga akipata hata mafua, nitakuuliza wewe. Kapteni akawa ananitumia maziwa! Na mimi ningeweza kumwacha aingie buti. Niliifikiria sana, sitawaficha. Nikaona hapana. Mtu akifa watu humwita marehemu, wakamsamehe. Mimi nilitaka aishi. Kuanzia siku ile mtaa ulimpa jina, Meja Okota. Wanawake walinong'onezana, "Okota amepita." Watoto waliangusha kitu mbele yake makusudi, wakakiokota kwa mikono miwili, wakakimbia. Mtu aliyetuogopesha wote alianza kupita njia za nyuma. Nilitazama hayo kutoka mlangoni mwa gereji mpaka mkataba wangu ulipokwisha, na kila siku nilishiba.

Kile kitambaa nilikipeleka kwa Chacha. Aliita wazee walewale, wengine wamekwisha kutumia mikongojo. Nikawaeleza yote. Chacha alinifunga kwa mikono yake, na mzunguko wa mwisho ulipokaa aliniita kwa jina ambalo tunamwita mkuu wa nyumba tu. Serikali ile ikaanguka, Kapteni akavuka mpaka, na mimi miaka mingi baadaye nikarudi hapa moja kwa moja, nikadai gereji, nikaipata ikiwa kuta nne na mti umeota katikati. Mliopita pale juzi mmeona ilivyo leo. Hiyo nayo niliijenga mwenyewe.

Naona mama wa Bukavu ameinua mkono. Sema, mama.

"Papa, na leo? Ulishamusamehe?"

Hapana, mama. Nikisema ndiyo, nitakuwa nawadanganya ndani ya nyumba ya ibada. Mchungaji ataniombea, na maombi yake nayapokea. Lakini nalala usingizi mzito, nakula, nacheka, sijampiga mtu. Hasira yangu imenisomesha, imenijengea, imenirudisha. Sioni kwa nini niitupe kwa sababu tu inawachukiza walioshiba.

Nitoe shukrani kabla sijaketi. Kwa yule mama wa kabalagala. Nilimtafuta kwenye nyumba za polisi. Nikaambiwa alirudi kwao Kaskazini akafia huko. Nilisafiri mpaka kwao, nikawakuta ndugu zake, nikawaeleza dada yao alikuwa nani siku ile. Hawakuwa wanajua, hakuwahi kuwaambia. Kwa Chacha, aliyenivumilia. Kwa mke wangu, ambaye sasa ndiye anayenishikia ncha kila asubuhi, na ananiambia kichwa changu kimekuwa kikubwa tangu nianze kualikwa kwenye mikutano kama hii.

Na hili ndilo nililonalo la kuwapa. Nimesikia kwamba mmoja wetu humu ameletewa ujumbe wiki hii na mtu aliyemtesa. Anataka waonane faragha, nyuma ya nyumba, alete mbuzi, yaishe kimya. Sitakutazama, dada, ili watu wasijue ni wewe. Nakuambia tu, mbuzi mrudishie. Mwambie aje mchana, kwa mlango wa mbele, mbele ya walewale walioona. Asipokuja, baki na hasira yako, ni mali yako halali, na sisi tutakaa nayo pamoja nawe. Akija, tuite. Mimi nitavaa kilemba changu kikubwa kuliko vyote, nisimame mahali ambapo atanikuta akiinua macho.